Azola: kangaga ndogo ya majini, na nafasi yake katika kisiwa chenye uhaba wa maji

Mkazi wa Wasini akivuka hadi Shimoni na kupita kando ya mikoko, mara nyingine hukutana na kangaga kubwa inayompita mtu kwa urefu, yenye majani magumu kama ngozi. Hiyo ni kangaga ya mikokoni, Acrostichum aureum, mmoja wa mimea michache ya jamii hii inayovumilia maji ya chumvi. Ndugu yake mdogo kabisa ni azola. Mche mzima wa azola ya kawaida ni wa kiasi cha ukucha wa kidole gumba, hauna shina la kusimama, hauhitaji udongo wa kushika mizizi, na hufa upesi ukitiwa katika maji ya bahari. Huelea tu juu ya maji baridi yaliyotulia, katika mabwawa, mitaro na majaruba ya mpunga.

Watu wengi wameiona bila kuijua. Wengine huiita ukungu wa maji, wengine huidhani kuwa mwani. Sasa inazungumzwa zaidi, kwa sababu wapo wanaoiuza kama mbegu wakisema kwamba itaondoa gharama ya chakula cha kuku, mbuzi na samaki. Kwa kaya za Wasini na Mkwiro swali hili ni zito kuliko kwingine. Kisiwa hakina mto, visima vyake vina chumvi, na kwa miaka mingi wenyeji wametegemea mvua iliyokusanywa katika jabia na mitungi iliyoletwa kwa mashua kutoka Shimoni. Mmea unaoishi majini unaweza kuwa msaada hapo, na unaweza pia kuwa mzigo. Yote yanategemea unawekwa wapi na unapewa maji gani.

Namna ya kuitambua

Mche wa azola ya kwetu, Azolla pinnata, una umbo la pembetatu, na urefu wake ni kati ya sentimita 1 na 2 na nusu. Matawi yake yametoka kando kwa kando kama unyoya wa ndege. Majani yenyewe ni madogo sana, yamelaliana kama magamba ya samaki. Kila jani limegawanyika sehemu mbili: ya juu ni nene na ya kijani, ya chini ni nyembamba, karibu haina rangi, nayo hulala majini. Mizizi inaning'inia chini ikiwa na vinyweleo pembeni, na hapo ndipo mtu anaweza kuitofautisha na azola ya Marekani, Azolla filiculoides, ambayo mizizi yake ni laini bila vinyweleo. Kioo cha kukuza kinasaidia. Ipo pia Azolla nilotica, ya Afrika Mashariki, ambayo ni kubwa kuliko hizo mbili na hurefuka sentimita nyingi.

Jaribio jepesi ni kuizamisha kwa kidole. Azola ikiachiwa huibuka ikiwa kavu juu, maji yamejikusanya matone na kuteleza. Rangi nayo hudanganya: katika kivuli ni kijani, lakini ikipigwa na jua kali, au ikikosa fosforasi, hugeuka nyekundu kama kutu. Wekundu huo si mmea mwingine.

Mimea mitatu huchanganywa nayo. Wa kwanza ni ule wa vijani vya duara, bapa, vya milimita 2 hadi 5, kila kijani kikiwa na mzizi mmoja mwembamba kama uzi. Huo ni lemna, si kangaga, na hauna magamba. Wa pili ni ule unaofanana na kabichi ndogo iliyofunguka, wenye majani ya mahameli yenye mistari. Huo ni Pistia, ni rahisi kuutambua. Wa tatu ndio wa kuogopwa: salvinia, Salvinia molesta, ambayo kweli ni kangaga ya majini, lakini majani yake ni makubwa zaidi, yamekaa wawili wawili, na juu yake yana vinyweleo vilivyounganika nchani kama kichapio cha mayai. Ziwa Naivasha lilisumbuliwa na salvinia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, mashua zikashindwa kupita, hadi fukusi mdogo aitwaye Cyrtobagous salviniae alipoletwa kuila. Mtu akiuziwa "azola" yenye majani ya kiasi cha sentimita 2 au 3 kila moja, basi hakuuziwa azola.

Inavyoishi

Sababu ya azola kuwa na sifa imo ndani ya jani lake la juu. Humo mna kijumba kidogo, na ndani ya kijumba huishi bakteria wa kijani-buluu, Nostoc azollae, ambaye huvuta nitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mkulima anayenunua yuria ananunua nitrojeni hiyo hiyo. Azola hujitengenezea. Bakteria huyu hurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi ndani ya mbegu-vumbi za kangaga, na amezoea kulishwa mle ndani kiasi kwamba hawezi tena kuishi peke yake nje.

Wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameitumia kwa karne nyingi. Nayo ina historia ya kushangaza kuliko hiyo: mwaka 2004 wanasayansi waliotoboa sakafu ya bahari karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia walikuta matabaka ya mabaki ya azola ya miaka kama milioni 49 iliyopita, wakati bahari ile ilipokuwa na joto na tabaka la maji baridi juu yake. Hayo si ya kumlisha kuku, lakini yanaonyesha jinsi mmea huu unavyoweza kutanda ukipata nafasi.

Hauna maua wala mbegu za kupanda. Kama kangaga zote, huzaa kwa mbegu-vumbi, ila mara nyingi huongezeka kwa kukatika tu: tawi likivunjika huwa mche mpya. Katika hali nzuri uzito wake hujirudia maradufu ndani ya siku 3 hadi 5. Anayeanza anahitaji konzi chache tu. Ndiyo maana hakuna sababu ya kulipa fedha nyingi kwa ajili ya "mbegu".

Inapenda joto la nyuzi 20 hadi 30. Ikipita 35 inachoka. Inapenda maji yenye uchachu kidogo, unyevunyevu hewani, kivuli cha nusu, na utulivu. Upepo unaotikisa maji huisukuma upande mmoja ikarundikana na kuoza.

Maji: hesabu ya kwanza

Ardhi ya Wasini ni matumbawe ya kale yaliyoinuka. Anayetaka kuona hilo aende kwenye bustani ya matumbawe inayotunzwa na kikundi cha wanawake wa kijiji, ambako bahari huingia kati ya miamba wakati wa bamvua, na mimea inayonawiri ni ile inayokula chumvi. Mwamba huo ni chokaa. Maji yanayokaa ndani yake huwa magumu, yasiyo na uchachu, na kwa kisima kilicho karibu na bahari, yenye chumvi. Azola haitaki mojawapo ya hayo. Kwa hiyo maji ya kisima yasitumiwe kabla ya kujaribiwa, na mchanga wa pwani au kokoto za matumbawe zisiwekwe kamwe chini ya karai.

Jaribio ni la bakuli mbili. Moja hutiwa maji ya mvua, nyingine maji yanayokusudiwa kutumiwa. Kila moja hupewa konzi ndogo ya azola na kuwekwa kivulini kwa wiki moja. Ikiwa ile ya pili imebaki ndogo, imekuwa ya kahawia pembeni, au mizizi imedondoka, jibu limepatikana bila gharama.

Sasa kiasi. Karai au kitalu cha mita 1 kwa mita 1, chenye maji ya kina cha sentimita 10, huchukua lita 100, yaani mitungi 5 ya lita 20. Hiyo ni ya kuanzia tu. Wakati wa kaskazi, jua likiwa wazi, maji ya wazi katika pwani hii yanaweza kupungua kiasi cha milimita 5 au zaidi kwa siku, na kwa mita moja ya mraba milimita moja ni lita moja. Kwa mwezi hiyo ni mitungi saba na nusu inayopaa angani. Kivuli na mfuniko wa azola yenyewe hupunguza upotevu huo, lakini hauishi.

Kwa kaya inayonunua maji ya kunywa kwa mtungi, hesabu hiyo inatosha kusema kwamba azola haistahili kupewa maji ya jabia wakati wa kiangazi. Inaanzwa masika, mvua zinapoanza kati ya Machi na Aprili, paa la mabati linapojaza kila chombo na mengine kumwagika bure. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 20 za mraba huleta karibu lita 200 kabla ya kuondoa yaliyopotea njiani. Inaweza kuendelezwa katika mvua za vuli. Kaskazi ikishika, huachwa konzi chache katika beseni moja ndani ya kivuli, kama mtu anavyohifadhi makaa chini ya jivu.

Njia nyingine ni kuyatumia maji mara ya pili. Maji ya udhu yanafaa, maadamu yanatoka katika jabia na si katika kisima cha chumvi, kwa sababu hayana sabuni. Maji ya kuoshea mchele yanafaa kwa kiasi kidogo. Maji ya kuoshea samaki yana chumvi na mafuta, na ya kufulia yana sabuni. Hayo yasiwekwe.

Na maji yakishapita katika azola hayajaisha kazi. Kila baada ya siku 10 robo ya maji ya kitalu hubadilishwa, yaani lita 25 kwa kitalu cha mita moja. Lita hizo zimejaa rutuba ya samadi. Zikimwagiwa mchicha, bamia au mche wa mpapai, azola inakuwa kituo kimoja tu katika safari ya maji yaliyokuwa yaende bustanini hata hivyo. Mwenye bustani ndogo ya kumwagilia anaweza kufuga azola bila kuongeza mzigo mkubwa. Asiye na bustani afikiri tena.

Kutengeneza kitalu

Kisiwani kuchimba mwamba ni kazi ya bure. Kitalu kinajengwa juu ya ardhi: matofali au magogo manne ya mnazi hupangwa mraba, ndani hulazwa magunia kuukuu ili matumbawe yasitoboe, na juu yake turubai au karatasi nzito ya nailoni. Ukingo uwe sentimita 20, nusu ya maji na nusu ya nafasi, maana mvua moja kubwa ya masika inaweza kuimwaga azola yote uani. Tundu la kutolea maji liwekwe wavu mdogo. Beseni pana la plastiki au mtungi mkubwa uliopasuliwa kati hufanya kazi hiyo hiyo kwa anayetaka kujaribu tu.

Mahali pazuri ni chini ya mwembe au mwarobaini, upande wa nyumba ambao kusi haipigi moja kwa moja. Mti ukiangusha majani mengi, hutandazwa wavu juu yake. Pasipo na mti, makuti machache juu ya fito hutosha, yasiwe mazito hadi kuleta giza.

Vipimo vifuatavyo vimetokana na kawaida ya wafugaji wadogo wa India Kusini, ambao hutumia kitalu cha mita 2 kwa 2. Hapa vimegawanywa kwa nne ili vifae mita moja ya mraba. Udongo mwekundu au wa msituni uliochekechwa, kilo 3 hadi 4, hutandazwa chini. Samadi nusu kilo hukorogwa katika ndoo ya maji na kumiminwa. Wahindi hutumia ya ng'ombe. Ya mbuzi inafaa ikilowekwa usiku kucha hadi vidonge vilainike. Huongezwa mbolea ya superfosfeti gramu 7 au 8, kijiko cha chai kimoja na nusu. Maji hujazwa hadi sentimita 10, huachwa siku moja yatulie, kisha azola robo kilo hutawanywa juu na kunyunyiziwa maji ili igeuke na kukaa sawa.

Superfosfeti si ya kuacha kirahisi. Azola hujipatia nitrojeni, lakini fosforasi haiwezi kuitoa hewani. Ikiikosa, inakuwa nyekundu, ndogo, yenye mizizi mirefu iliyojikunja. Samadi ya kuku ina fosforasi zaidi kuliko ya mbuzi na inaweza kusaidia, kwa mkono mwepesi kwa sababu huchafua maji haraka. Majivu ya jikoni yasitumiwe. Yanaondoa uchachu ambao mmea unautaka, na katika kisiwa cha chokaa uchachu ni adimu tayari.

Ndani ya siku 10 hadi 15 uso wa maji unapaswa kuwa umefunikwa. Kutoka hapo huvunwa kila siku au kila baada ya siku mbili kwa chujio, bila kuondoa zaidi ya robo ya mfuniko. Azola isiyovunwa hupandana, ya chini hukosa nafasi, huoza, na kitalu kizima hunuka. Kila siku ya tano huongezwa samadi robo kilo na superfosfeti kijiko kimoja cha chai. Kila mwezi udongo wa chini hupunguzwa na kuwekwa mpya. Uchafu huo ni mboji.

Wadudu hawakosi. Kiwavi mdogo huunganisha majani kwa utando na kuyala kutoka ndani, hasa siku za joto na unyevu. Akionekana, sehemu iliyoshambuliwa huondolewa yote na kulishwa kuku. Dawa ya wadudu haifai kwa mmea utakaoliwa na mifugo kesho yake.

Mbu, konokono na watoto

Hili ni jambo la afya, nalo halihusu mfugaji peke yake bali jirani zake wote.

Azola iliyofunika maji yote huwazuia mbu kutaga na viluwiluwi kupumua. Lakini azola iliyofunika nusu haizuii chochote: ni bwawa la mbu lenye mapambo. Mbu anaweza kukamilisha safari ya yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 katika joto la pwani, na kitalu kipya huchukua siku 10 hadi 15 kufunikwa. Tofauti hiyo ni hatari. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hupenda hasa vyombo vidogo vya maji karibu na nyumba. Basi kitalu kifunikwe kwa wavu wa kivuli, uliobanwa pande zote, mpaka azola izibe, na vilevile baada ya kila mvuno mkubwa. Asubuhi mbili kwa wiki mtu achote maji kwa kikombe cheupe na kutazama. Viluwiluwi vikionekana, maji yote humwagwa bustanini siku hiyo hiyo na kuanza upya. Chandarua chenye dawa kilichotolewa kwa ajili ya kulalia si wavu wa kitalu.

La pili ni konokono. Kichocho cha mkojo kimekuwa ugonjwa wa miaka mingi katika Kaunti ya Kwale, na wadudu wake hulelewa na konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus, ambao hujishika kwenye mimea ya mabwawa. Anayeingia bwawani Msambweni au Lunga Lunga kuchota azola kwa miguu mitupu anajiweka hatarini. Na anayebeba ndoo hiyo hadi Wasini anaweza kuwavusha konokono hadi kisiwa kisicho na bwawa wala mto wa kuwalea. Afadhali kuchukua azola kutoka kwenye kitalu cha mtu kinachojulikana. Ikilazimu kuchukua bwawani, avae buti za mpira na glavu, aioshe katika ndoo tatu za maji safi, kisha aiweke katika beseni la pembeni kwa wiki moja, akitazama chini ya miche kama kuna konokono wadogo au mayai yao yaliyo kama tone la uteute. Ikionekana hata moja, yote itandazwe juani ikauke kabisa. Safarini hubebwa ikiwa imefungwa katika kitambaa kibichi. Ikikauka, haifufuki.

La tatu husahaulika. Uso wa azola uliofunga vizuri unafanana na nyasi, na mtoto anayetambaa hajui tofauti. Sentimita 10 za maji zinatosha kumzamisha. Kitalu kilicho uani kizungushiwe fito.

Faida yake kwa vipimo

Kitalu cha mita moja kinachotunzwa vizuri hutoa kiasi cha gramu 125 hadi 150 za azola mbichi kwa siku. Inaonekana nyingi mkononi, lakini karibu asilimia 94 ni maji. Kikavu kinachobaki ni kama gramu 8, na katika hizo protini ni kati ya robo na moja ya tano, yaani gramu 2 hivi. Kuku anayetaga anahitaji takriban gramu 15 za protini kwa siku. Kwa maneno mengine, ili azola imtosheleze kuku mmoja kwa protini inatakiwa zaidi ya mita saba za mraba, na kuku mwenyewe hawezi kula kilo moja ya majani maji kwa siku. Anayeambiwa kwamba kitalu kimoja kitaondoa gunia la chakula cha kuku afanye hesabu hii kabla ya kutoa pesa.

Kama mboga ya kuku, hata hivyo, ni nzuri: huwapa kitu kibichi wakati uwanja umekauka, na viini vya mayai huwa vya manjano zaidi. Huoshwa kwa maji safi ili harufu ya samadi itoke, huchanganywa na pumba, na huanzwa kidogo kidogo kwa siku chache hadi mifugo izoee. Mbuzi wengine hukataa mwanzoni, wengine hawaikubali kabisa. Azola hunyonya pia madini mazito, hivyo ile iliyoota katika mtaro wa barabara au karibu na gereji isilishwe mnyama yeyote.

Kwa bustani hesabu ni ya kutia moyo zaidi. Mavuno ya mwezi mmoja kutoka kitalu hicho ni kama kilo 4 mbichi, yenye gramu 10 hivi za nitrojeni, zinazotosha takriban tuta moja la mchicha la mita moja ya mraba. Huchanganywa na udongo au kutandazwa chini ya miche ikiwa bado mbichi. Faida haipatikani ikiwa inaelea: mpaka ife na kuoza ndipo nitrojeni hutoka. Katika udongo mwembamba wa Wasini, unaoshika maji kwa shida, mboji hiyo ina thamani kuliko gramu mbili za protini.

Faida kubwa zaidi iko ng'ambo, katika majaruba ya mpunga ya upande wa Vanga na bonde la Mto Umba, ambako maji yapo shambani tayari. Azola ikiachwa ifunike jaruba kwa wiki tatu hivi kisha ikafukiwa, inaweza kuleta kilo 20 hadi 40 za nitrojeni kwa hekta, sawa na kilo 8 hadi 16 kwa ekari. Gunia la yuria la kilo 50 lina kilo 23. Kwa mkulima wa ekari moja hiyo ni theluthi moja hadi theluthi mbili za gunia ambazo hakununua. Kinachotakiwa ni maji yasiyokauka katika wiki hizo, na hapo ndipo misimu ya mvua haba huharibu mpango.

Isimwagwe ovyo

Azolla pinnata ni ya Afrika na ina maadui wake wa asili. Ile ya Marekani haina. Afrika Kusini ilihangaika nayo katika mabwawa ya mifugo kwa miongo kadhaa, mpaka fukusi mwingine, Stenopelmus rufinasus, alipoachiliwa mwaka 1997. Chini ya mfuniko mzito maji hukosa mwanga na hewa, samaki hufa, na ng'ombe hudhani ni nchi kavu. Wenye mabwawa ya mapambo Diani na Ukunda, ambako bustani zina unyevu na maji ya kutosha, wawe waangalifu zaidi, kwani mimea ya majini huuzwa na kupeanwa bila jina. Kuleta mmea kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha KEPHIS, hata kama ni konzi moja kwenye mfuko.

Azola iliyochokwa haitupwi mtoni Ramisi wala Umba, wala kisimani, wala kwenye jabia kwa dhana kwamba itasafisha maji. Jabia la kunywa lifunikwe kwa mfuniko, si kwa mmea. Miche ikifa ndani yake maji huharibika, na kuyapata mengine Wasini si kazi ndogo. Iliyobaki hutandazwa juu ya mwamba mchana mmoja wa jua, kisha huwekwa kwenye shimo la mboji. Mwenye mashaka kuhusu aina aliyonayo aweke miche michache katika chupa safi yenye maji na kumpelekea afisa wa ugani wa wadi yake, mizizi ikiwa haijakatwa, kwa kuwa mizizi ndiyo itakayotazamwa kwanza.